Yai la Pili

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakaa Msasani, anakuangalia upya kuanzia viatu. Kichwani mwake kuna ufukwe, maghorofa na upepo wa bahari. Msasani yangu mimi iko Tukuyu, wilayani Rungwe, na upepo wake unashuka kutoka mlimani ukiwa umebeba mvua. Mji wetu huu mdogo una Msasani na una Bagamoyo pia, ila bahari hatuna. Tuna migomba, chai, parachichi, na ukungu wa kutosha kugawia mikoa mingine. Mvua ikishika kasi juu ya bati, mtu wa kiti cha pili inabidi umpigie kelele ndipo akusikie. Ndiyo maana hadithi katika fremu yangu ya ushonaji husomwa kwa sauti ya mhubiri.

Msomaji ni binti wa miaka 19 anayejifunza kushona kwangu. Hadithi huingia kwenye simu yake jioni, sehemu moja kwa siku isipokuwa Jumapili. Tunachangishana: yeye, mimi, dada wa duka la vipodozi la jirani, na mama mmoja anayepitisha maziwa. Mchango ukitimia tunamtumia mwandishi kwa simu, naye anatuweka kwenye kundi lake la wanaolipa. Jina lake halisi hatulijui, anajiita jina la ua. Nimeshona sare nyingi za kwaya nikimsikiliza mtu huyu, na kama fundi nasema: huyu naye ni fundi.

Kisa chake cha masika haya kinahusu mjane anayeuza chakula kando ya barabara ya Kasumulu, mpakani na Malawi, na dereva wa lori anayesimama kula kila apitapo. Basi. Sehemu kumi na moja za kwanza dereva anakula, analipa, anaondoka. Anamwita "mama". Yeye anamwita "dereva". Chakula ni kilekile, wali na maharage, na yai moja la kuchemsha la kubeba njiani, ambalo hulilipia mapema pamoja na sahani. Katika sehemu ya 12 anafika usiku, mvua inanyesha, kachoka, hana maneno. Anakula. Anapokea mfuko wake, anapanda lori. Akiwa ameshapita Kiwira anaufungua kwa mkono mmoja, anakuta mayai mawili. Itaendelea.

"Ndiyo nini sasa?" binti akauliza, huku kidole kikipekua chini ya kioo cha simu kama kuna maneno yamefichwa huko. "Mbona hakuna kitu?"

Mimi nilikuwa nimeshasimamisha cherehani. Dada wa vipodozi alikuwa amejishika mdomo. Binti ilimchukua hadi kesho yake asubuhi. Aliingia, akaniamkia, akauegesha mwavuli mlangoni, akasema, "Mama. Yai la pili hakulilipia."

Hadithi ya mapenzi ina mzigo ambao hadithi ya upelelezi haina: mwisho wake unajulikana. Ukifungua Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, unasukumwa na kutaka kujua nani kaua. Katika hadithi ya mapenzi, ukurasa wa pili mtu na mtu wameshaonana, na hata mtoto wa darasa la tano anajua wanakoelekea. Kwa hiyo mwandishi anauza kitu kimoja tu, nacho ni kungoja. Inabidi atungojeshe kurasa 200 kwa jambo tulilolijua tangu mwanzo, na asitudanganye. Wengi wanaanguka hapo. Wakiishiwa wanaleta ajali ya gari, au mtu anapoteza kumbukumbu, au mama mkwe anachana barua. Wakibanwa kabisa wanatuambia wapenzi kumbe ni watoto wa baba mmoja. Kizuizi cha namna hiyo ni kiraka. Kinaziba, ila jicho haliondoki hapo. Kizuizi kizuri kinatoka ndani ya watu wenyewe. Mjane wetu hakuzuiwa na mtu yeyote. Alizuiwa na kuitwa "mama".

Na lugha yenyewe haimrahisishii mwandishi. Neno kuu la kazi yake limechoka. "Nakupenda": kitenzi hikihiki ndicho ninachotumia kwa Mungu, kwa wanangu na kwa ndizi zilizopikwa na maharage. Ukilitoa mapema, limeisha. Waandishi ninaowaheshimu wanalizunguka, wanalikaribia, wanaliacha, wanarudi kwa mlango wa uani.

Kulizunguka neno ni kazi ambayo wanawake wa Kinyakyusa waliijua kabla ya vitabu. Bibi yangu hakuwahi kutamka jina la baba mkwe wake, na hakuishia kwenye jina: neno la kawaida lililofanana nalo kwa sauti alilikwepa pia, akatafuta jingine. Kukutana naye uso kwa uso njiani kulikuwa mwiko, akimwona mbali anaacha njia. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake Good Company mwaka 1951, aliuandika mwiko huu. Sitaki urudi, uliwatesa. Lakini nakumbuka nikiwa mdogo, nimekaa jikoni, bibi anasimulia jambo, anafika mahali, anapinda. Lile neno alilolikwepa nililisikia kuliko yote aliyoyatamka.

Angalia pia wanavyoitana. Kwetu mwanamume usiyemjua ni kaka, akizidi umri ni baba au mjomba, na mwanamke ni dada au mama. Ni adabu, lakini mwandishi hodari anaigeuza ngazi. Mwanamke anaanza na "kaka, samahani". Baadaye ni "kaka" na jina. Halafu inafika sentensi moja ya kawaida kabisa, hebu shika hiyo ndoo, na "kaka" haimo. Mwandishi wa ovyo ataandika hapohapo kwamba moyo wake ulidunda. Mwandishi mzuri anaiacha ndoo ibebwe. Na shikamoo je? Binti anayempenda mwanamume aliyemzidi miaka 15 atamwamkiaje? Mimi bado naisubiri riwaya nzima itakayojengwa juu ya asubuhi ambayo mtu aliacha kusema shikamoo.

Halafu kuna hii "a" yetu ya mwanzo wa kitenzi. Alibisha hodi. Amelowa. Nani? Mwanamume au mwanamke, Kiswahili hakisemi mpaka mwandishi apende. Mwingereza ana kiwakilishi cha kiume na cha kike, akifungua mdomo tu ameshatoa siri. Mwandishi wetu anaweza kumsimamisha mtu mlangoni aya nzima, maji yanamchuruzika, kiatu kimoja mkononi, na sisi tukabaki tunakisia kama ni mchumba aliyerudi au ni mke wa zamani aliyekuja kudai chake. Na ile "ka" ya kusimulia: akamtazama, akainama, akaokota kibiriti, akakirudisha mezani. Vitendo vinne vimepangwa kama shanga, hakuna kilichopewa uzito kuliko mwenzake, wala hakuna "kwa sababu" hata moja. Sababu anaileta msomaji. Nikisikia hadithi ina "kwa sababu" tatu kwenye aya ya mapenzi, narudi kwenye vifungo vyangu.

Kwa riwaya ndefu iliyosimama sawasawa, mimi bado narudi kwa Shafi Adam Shafi. Vuta N'kuvute ilitoka mwaka 1999 kwa Mkuki na Nyota, na wengi wanaijua kama kitabu cha siasa kwa kuwa ndivyo kinavyofundishwa kidato cha tano na sita: ukoloni, matabaka, ukombozi, nafasi ya mwanamke. Kisomee mashine ikiwa imezimwa uone. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa angali mdogo kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kama baba. Anamkimbia. Watu wake hawamtaki tena, anapokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana msomi anayeandamwa na polisi wa Mwingereza. Ufundi wa Shafi ni kumfanya Denge asiwepo. Anakuja, harufu ya nje ingali nguoni mwake, anakwenda. Kila anapotaka kutulia kuna kazi inamwita, na kazi yenyewe huwezi kuisema vibaya. Shafi hahitaji mwanamke wa pili. Mpinzani wa Yasmin ni uhuru wa Zanzibar, na huo utauchukiaje? Mwishoni hampi ule mwisho ambao sisi wasomaji tulikuwa tumeshamkatia kitambaa na kumshonea. Nilimkasirikia miezi miwili. Amil Shivji alitoa filamu ya kitabu hiki mwaka 2021, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na picha zake ni nzuri ajabu, taa na vivuli vya Zanzibar vimetulia. Ila filamu haina budi kumwonyesha Denge. Kitabu kinaweza kumficha.

Shule ilitufundisha mapenzi kwa njia yake. Kuna tamthiliya ya Edwin Semzaba ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeisoma, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona Mazoea, akili inahama, na karatasi za serikali zinaishia motoni. Mtihani unataka dhamira na ujumbe, hoja na mifano. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni sentensi ipi iliyonifanya niweke kidole katikati ya kitabu na kutazama dirishani. Na ukimsoma Semzaba bila kalamu ya kujibia mtihani, unaona kwamba anamcheka Ngoswe kwa upendo. Mtu aliyetaka tu kukemea mapenzi asingemwandika hivyo.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ipo barua. Ni karatasi ya kijana Charles kwa Rosa, inaangukia mikononi mwa baba yake, Zakaria, na kipigo kinachofuata kinabaki mwilini mwa msichana yule hadi mwisho wa kitabu. Barua ilikuwa chombo kikubwa cha waandishi wetu: inaweza kuchelewa, kuchukuliwa na asiyehusika, kufichwa chini ya godoro, kusomwa kwa sauti na adui. Nilidhani simu itawaua waandishi wa mapenzi, maana watu wanaowasiliana saa yoyote wana la kungojea lipi? Nilikosea. Wamepata alama mbili zinazogeuka bluu. Amesoma, hajajibu. Juu kule panatokea "anaandika", panapotea, panatokea tena, panapotea. Nimesikiliza sehemu nzima, dakika saba za kusoma, ambayo ndani yake hakuna kilichotokea zaidi ya neno hilo kuwaka na kuzimika, na mama wa maziwa alisahau ndoo yake kwangu.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye hadithi za mfululizo kupitia magazeti. Yalikuja na basi kutoka Dar, ya jana, wakati mwingine ya juzi, na kwetu aliyenunua gazeti hakuwa lazima awe wa kwanza kulisoma. Eric Shigongo, mwenye Global Publishers na baadaye mbunge wa Buchosa, ndiye aliyetufanya tuzijue siku za wiki kwa majina ya magazeti. Watu wa vyuoni humkunjia uso. Wachukue basi kichwa kimoja tu cha riwaya yake, Rais Anampenda Mke Wangu, wakiweke mezani wakikague. Maneno manne. Yupo mwenye nguvu zote, yupo mke, yupo "wangu" ambaye ni mimi nisiye na kitu. Kizuizi kimeshajengwa kabla hujafungua ukurasa, na wala siyo kiraka. Hapo mtu alikaa akafikiri.

Wa sasa wanaotoa vitabu wapo, ingawa kuvipata huku ni mpaka mtu atoke Mbeya au Dar akubebee. Fadhy Mtanga amekwenda moja kwa moja kwenye mapenzi bila kuomba radhi: Kizungumkuti, Huba, Fungate. Napenda anavyochagua majina. Pendo kwetu ni jina la binti wa kanisani. Mapenzi yamo hata kwenye Sala ya Bwana, kwa maana nyingine kabisa. Mahaba ni ya usiku. Huba ni neno la pwani, lililotufikia sisi wa milimani kwa taarabu, na tangu mwaka 2017 kwa tamthilia yenye jina hilohilo kwenye Maisha Magic Bongo, ambayo nayo imechelewesha gauni nyingi za harusi hapa kwangu. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda tuzo ya Mabati-Cornell kwa riwaya yake Penzi la Damu, nami nilifurahi kuliko ilivyonihusu, kwa sababu ya lile neno "penzi" kuwa kwenye jina la riwaya iliyopewa tuzo. Elieshi Lema naye aliiita riwaya yake ya Kiingereza, Parched Earth ya mwaka 2001, hadithi ya mapenzi, waziwazi, juu ya jalada. Wanaume wa kijiweni wanasema hadithi hizi ni za wanawake wasio na kazi. Waje wakae hapa siku moja kabla ya Pasaka, kwaya tatu za Kimoraviani zinadai sare, halafu waniambie kuhusu kazi.

Lakini sitetei kila kitu. Hadithi za simu zina maradhi yake. Mwanamume ni mrefu, mweusi wa kung'aa, ana Range Rover, na hatuambiwi anafanya kazi gani ila "ana biashara zake". Msichana ni maskini, mzuri, na hajui kwamba ni mzuri, jambo ambalo kwa msichana yeyote wa Tukuyu ninayemjua haliwezekani, vioo vipo. Na wapo wanaokimbilia kitandani sehemu ya pili ili wateja walipe. Hilo halinitii aibu, mimi ni mtu mzima, nimezaa. Linanichosha. Wakishafika kitandani sehemu ya pili, sehemu 48 zilizobaki watafanya nini? Matokeo yake ndiyo yale ya ajali na ndugu wa baba mmoja. Kuna mmoja tulimlipa miezi mitatu akatuacha katikati, bibi harusi kasimama kanisani, simu haipokelewi, ya bibi harusi wala ya mwandishi. Tulimaliza wenyewe, kila mtu kwa njia yake, na dada wa vipodozi mpaka leo hataki kukubali kwamba bwana harusi wangu alikuwa na sababu.

Huyu mwenye jina la ua hana haraka. Nimejaribu kumkagua kama ninavyokagua nguo ya fundi mwingine, kwa kuigeuza ndani nje. Anakata pale ambapo kitu kimeshafanyika lakini hakijaeleweka. Wenzake wanakata kabla: bastola imeinuliwa, mlango unafunguka, itaendelea. Kukata kabla ni rahisi, ni kama kumnyang'anya mtu sahani. Yeye anakupa sahani yote, anaondoka, na njaa inakuja baada ya saa moja ukiwa unafunga fremu. Tena anakumbuka vitu. Yai la sehemu ya 12 lilirudi sehemu ya 19, dereva alipomwekea mjane hela ya mayai mawili bila kusema, na mjane akamrudishia ya moja. Ugomvi wote ulikuwa huo, shilingi mia kadhaa juu ya meza ya mbao, na hakuna aliyeinua sauti. Binti wangu aliusoma mara mbili. Mara ya pili hakuniuliza kitu.

Tangu sehemu ya 20 tunajua dereva ana mke Songea, na hatujui nani kamwacha nani. Kuanzia sehemu ya 27 lori halijapita. Mjane anachemsha mayai mawili kila siku na jioni anawapa watoto wa jirani.

Jana mvua ilianza saa tisa. Umeme ukakatika, tukahamia kwenye cherehani ya miguu. Saa kumi na moja simu ikalia, sehemu ya 31. Binti akafuta mikono kwenye sketi, akasogea karibu na mlango kwenye mwanga, akasoma kimya kwanza, kitu ambacho nimemkataza.

"Soma," nikamwambia.

"Kuna mtu kabisha hodi kwa mjane. Usiku. Amelowa chapachapa."

"Ni dereva au ni yule mke?" dada wa vipodozi akapiga kelele kutoka upande wa pili.

Binti akapandisha kidole juu ya kioo, akashusha, akapandisha tena.

"Hajasema," akajibu. "Ameandika 'aliingia' tu."

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.